Majina ya Waliozaliwa Nje

Nenosiri nimeshawaachia, funguo za kabati mnazo, na ile printa kubwa ya ramani ikigoma ipigeni kofi upande wa kushoto, si wa kulia. Hayo ndiyo makabidhiano rasmi. Mliniomba niongeze kurasa chache kuhusu kazi yenyewe, na kwa kuwa mimi nimeanza kuwa mtu mtiifu baada ya kustaafu, nimekaa leo kwenye veranda yangu hapa Kehancha kuziandika. Msitafute humu nilipandishwa cheo lini. Hilo liko kwenye faili, na sijawahi kuona faili likimwokoa mtu na maji.

Niliripoti Homa Bay nikiwa binti wa Kikuria asiyejua Kiluo hata cha kununulia samaki. Ofisi ya ramani ilikuwa chumba kimoja kinachotazama ziwa, na ndani yake alikuwa Mzee Ogola, mchoraji ramani, mtu mfupi mwenye penseli sikio hili na penseli sikio lile. Hakuniuliza cheti. Aliniwekea mezani picha mbili zilizopigwa kutoka kwenye ndege, akasimamisha juu yake miwani ya miguu minne tuliyoiita stirioskopu, akasema, "Angalia mpaka mlima usimame. Ukisimama, niite."

Nilitazama asubuhi nzima nikaona karatasi. Saa sita, macho yananitoka machozi, mlima ukainuka ghafla kuelekea pua yangu. Niliruka nyuma nikamwaga chai ya mzee juu ya ramani ya Karachuonyo. Aliitazama chai ikienea bila haraka. "Vizuri," akasema. "Umeona mlima, na umeleta mafuriko. Siku moja tu."

Mzee Ogola alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa. Hukumpa mchoro wa eneo la hatari akaupaka rangi hivi hivi. Aliinua penseli, akaweka ncha yake mahali fulani kwenye karatasi, akauliza, "Nani anakaa hapa?" Kama hukuwa na jina la mtu, alikurudishia karatasi yako. Nilirudi Karungu mara tatu kwa sababu ya kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa ukucha wangu. Mara ya tatu nilileta jina la mzee, la mke wake na la mbwa wao. Mzee Ogola akapaka rangi.

Baadaye zikaja kompyuta, kisha picha za setilaiti, na mimi nikaanza kujiona mkubwa kuliko ukucha. Sitawadanganya, nilizipenda. Unakaa Homa Bay, unaona Nyatike yote kwenye kioo, unaona mashimo ya dhahabu ya Masara yakiongezeka mwaka hadi mwaka, vidoa vyeupe kwenye udongo mwekundu. Nilipokwenda Masara na vidoa vyangu vilivyohesabiwa vizuri, mama mmoja muuza chai aliniambia nusu yake ni mabati mapya, na kwamba mashimo mabaya ni yale ya zamani yaliyofunikwa kwa matawi, ambayo hayaonekani hata ukiwa umesimama juu yake. Nilikuwa nimesimama juu ya moja. Waah! Niliondoka pale kwa ncha za vidole, nikakubali kwamba ramani ya Masara itaanzia kwenye kibanda chake cha chai.

Halafu ikaja rada, ile inayoona kupitia mawingu. Kwenye picha ya rada maji yaliyotulia huwa meusi. Siku moja niliona doa jeusi kubwa karibu na Sori, nikampigia chifu simu kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: chifu, hamisha watu, kuna maji. "Madam," akasema chifu, "hapo ndipo ninaposimama. Ni uwanja wa mpira. Tuko kipindi cha pili." Kumbe ardhi kavu iliyosawazika nayo huwa nyeusi. Kwa miaka miwili kila nilipofika Sori waliniuliza kama nimekuja kuogelea.

Nawaeleza haya msije mkadhani ya Ondago niliyapata kwa akili nyingi. Msiitafute Ondago kwenye ramani, maana jina nimelibadilisha na la kilima chake pia. Ni kijiji cha tambarare karibu na Mto Kuja, unapokaribia kumwaga maji yake ziwani. Kulikuwa na mpango wa kujenga wodi ya akina mama kujifungulia, na sisi tukaombwa tuonyeshe mahali salama. Nilifungua kompyuta. Ramani ya mwinuko, iliyopimwa kutoka angani, ilionyesha kijilima kizuri katikati ya kijiji, karibu na kila mtu. Nikapekua picha zote za misimu ya mvua tulizokuwa nazo. Hakuna hata moja iliyoonyesha maji pale. Nikachora duara la kijani, nikaenda kupigilia vigingi.

Mahali penyewe palikuwa na msitu mdogo wa mikaratusi mirefu. Nilikuwa kwenye kigingi cha pili nilipomwona mama mmoja wa makamo, beseni la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani, amesimama kunitazama.

"Madam, unapanda nini?"

"Sipandi, mama. Napima. Hapa patajengwa wodi ya kujifungulia."

"Hapa?" Alitua beseni. "Basi itakuwa sawa. Mimi nilizaliwa hapa hapa."

"Kumbe nyumba yenu ilikuwa hapa?"

"Nyumba gani? Mimi ni Aoko. Nilizaliwa nje. Maji ilikuwa imejaa kwa nyumba, mama yangu akapanda juu ya kichuguu. Ile pale, iko na kichaka. Akanizaa hapo watu wakimshikilia asianguke kwa maji."

Nikasimama na nyundo mkononi. Mama Aoko akanieleza, kwa ule upole ambao watu huwawekea watoto na wageni, kwamba kwao mtoto huitwa kwa saa na hali aliyozaliwa. Akoth ni wa mvua. Achieng ni wa jua la mchana. Ayoo alizaliwa njiani, na Aoko alizaliwa nje ya nyumba. Wavulana wao ni Okoth, Ochieng, Oyoo na Ooko. Nilikuwa nimeishi na majina hayo miaka yote hiyo ofisini, sokoni, kanisani, nikiyaita kila siku, wala sijawahi kuyauliza chochote. Nilijiona mjinga kabisa.

"Kuna Aoko wengine hapa?" nikamuuliza.

"Hapa Ondago?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyar Kuria, hapa ukiita Aoko, nusu ya kanisa inageuka." Nyar Kuria ni binti wa Ukuria. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Nilirudi ofisini nimewaka moto. Nilichukua orodha ya watu wa kata nzima kwa chifu, nikaweka nukta nyekundu kwa kila Aoko na kila Ooko, nikapata ramani ya kupendeza sana iliyosema kwamba mafuriko hutokea juu ya Got Nyadera. Got ni kilima. Ili maji yafike pale juu ingebidi Ziwa Viktoria lisimame wima.

Nikaipeleka ramani ile kwa Mzee Ogola, aliyekuwa ameshastaafu na kufuga kuku. Aliiangalia muda mrefu, mabega yanamtikisika. "Huyu wa kilimani amerithi jina la bibi yake," akasema. "Huyu mama yake alishikwa na uchungu sokoni. Huyu namjua, alizaliwa kwa shamba la mtama, jua kali. Binti yangu, umeweka nukta kwa majina. Mimi nilikufundisha kuweka kwa watu."

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikarudi Ondago na fomu mpya yenye maswali mawili: mama yako alikuwa wapi hasa ulipozaliwa, na alikuwa akikimbia nini? Mama Aoko alinitembeza nyumba kwa nyumba. Wa kurithi nikawafuta, wa sokoni nikawafuta, wa mtama nikawafuta. Waliobaki walikuwa saba, wenye umri tofauti, wengine wazee wa mkongojo, mmoja bado yuko sekondari. Mmoja alizaliwa ndani ya mtumbwi, mwingine juu ya meza ya kanisa iliyotolewa uani. Wote saba walizaliwa kuzunguka ule msitu wa mikaratusi.

Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilichukua darubini yetu ya zamani ya miguu mitatu na fimbo ya vipimo, nikapima mwinuko wa ardhi kuanzia ukingo wa mto mpaka kwenye vigingi vyangu. Hakukuwa na kijilima. Kutoka angani kipimo kilikuwa kimegusa vilele vya miti kikadhani ni udongo. Pale chini palikuwa bonde, tena chini kuliko uwanja wa kanisa. Na kuhusu picha zetu zisizo na maji: mto ule hupanda na kushuka kwa siku moja au mbili, na setilaiti hupita ikipata nafasi.

Mkubwa wangu wa wakati huo alikuwa mtu mwema asiyependa mabadiliko ya ratiba. Aliisoma ripoti yangu akaiweka chini. "Madam Robi, nikiulizwa nitasema tumehamisha wodi kwa sababu ya majina ya watu?"

"Sema tumehamisha kwa sababu ya vipimo. Majina ndiyo yaliyonituma kupima."

"Hakuna picha hata moja yenye maji."

"Hakuna, bwana. Kuna watu saba."

Nikamwambia wazi kwamba kama duara lile litabaki kijani, sahihi yangu haitakuwa chini yake. Mwisho alikubali, na wodi ikajengwa juu ya Got Nyadera. Mikaratusi ile ikakatwa kwa ajili ya mbao za paa lake, na picha ya mwinuko iliyofuata ikaonyesha kwamba kile kijilima kimetoweka.

Nilidhani Mama Aoko atafurahi. Siku ya ufunguzi alinijia moja kwa moja, mikono kiunoni.

"Nyar Kuria, nilikuambia nilizaliwa nje. Nilikuambia utupeleke mlimani?"

"Mama, pale chini—"

"Mimi najua pale chini! Maji inakuja mara moja kwa miaka mingi. Uchungu inakuja kila wiki. Mwanamke apande hiyo mawe yote na tumbo? Wewe umepanda na gari."

Kweli nilipanda na gari. Kwa mguu ni karibu nusu saa, na njia ni ya mbuzi. Mwaka ukapita bila mafuriko, wa pili ukapita, wa tatu. Mama Aoko alikuwa na namba yangu na aliitumia. Asubuhi moja simu ikalia, nikaona ni yeye. "Mwingine amejifungulia kwa njia, katikati ya mawe. Mtoto mzima, mama mzima, Mungu ni mwema. Wamemwita Ayoo. Ukuje uweke nukta yako."

Nilikata simu nikalia, na siwafichi. Nilikuwa nimetoa watoto nje ya maji nikawaweka njiani. Nilikagua vipimo vyangu upya, safari mbili, nikitamani kupata kosa ili niombe msamaha yaishe. Sikulipata. Mstari ulikuwa sahihi, na bado mama yule alikuwa amejifungulia kwenye mawe. Vijana wangu, hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote nilizofanya kazi, kuliko Masara na kuliko uwanja wa mpira.

Nilichofanya hakikuwa kazi ya ramani hata kidogo. Nilihangaika ofisi hadi ofisi, nikawa kero, watu wakiniona wanajifanya wako kwenye simu, mpaka wakajenga pembeni ya wodi nyumba ndogo ya kusubiria, ili mama apande mapema wiki za mwisho akae huko. Pia tukasimamisha ubao wa vipimo mtoni, mbali huko juu, na mwalimu mmoja anayeishi karibu na daraja akakubali kuusoma kila asubuhi. Maana mvua inayoizamisha Ondago hainyeshi Ondago. Inanyesha huko milima ya Kisii, na maji huchukua saa kadhaa kushuka. Akina mama wengi walianza kuitumia nyumba ile. Mama Aoko aliapa kwamba mkaza mwana wake, Adhiambo, hatakanyaga huko. Atazaa wakati ukifika, akasema, si kwenda kukaa kwa vitanda vya serikali kama mgonjwa.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, saa mbili asubuhi, ndipo mwalimu alipopiga. Sauti yake haikuwa ya kila siku. "Madam, ubao siuoni. Umezama wote."

Nilimpigia chifu, kisha nikampigia Mama Aoko, kwa sababu chifu anasikilizwa na wanaume na Mama Aoko anasikilizwa na kila mtu. Nilijua pia Adhiambo alikuwa amefikisha siku zake.

"Mama, toeni watu. Mto unakuja. Na Adhiambo apande sasa hivi."

"Mto gani? Nyar Kuria, hapa jua inawaka. Nimeanika omena."

"Mvua ni ya huko juu. Ubao umezama."

"Kama ile maji ya uwanja wa mpira?"

Hilo nilikuwa nimejitafutia mwenyewe. Nikavuta pumzi. Nilikuwa na picha, vipimo, rangi tatu za hatari, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukipitisha kwenye simu ile. Nikamuuliza kuhusu kuzaliwa kwake, kama kwenye ile fomu yangu.

"Mama Aoko, siku uliyozaliwa, asubuhi yake, kulikuwa na mvua?"

Nilisikia kuku upande wa pili.

"Mama alikuwa anasema kulikuwa na jua," akasema polepole. "Alikuwa ameanika mtama."

Halafu nikamsikia akipaza sauti kwa Kiluo, si kwangu, na simu ikakatika.

Sikujua chochote mpaka mchana. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiangalia ramani ambayo haikuwa na la kuniambia. Saa nane nesi wa Got Nyadera akapiga. Watu wa Ondago walikuwa wamejaa kwenye kilima na ng'ombe wao, na pale palipokuwa na vigingi vyangu vya kwanza maji yalikuwa yamefika kifuani mwa mtu mzima. Hakuna aliyekufa. Adhiambo alisimama mara nne njiani kuuma leso, mama mkwe wake akimsukuma mgongoni, wakafika. Nilimwomba nesi arudie hilo neno la mwisho.

Maji yalishuka kesho yake. Setilaiti ilipita siku iliyofuata, na picha yake iko kwenye kompyuta mliyorithi: Ondago kavu, safi, jani moja halijalowa. Nilicheka peke yangu ofisini nilipoifungua.

Safari yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa kwenda kuyaandika mafuriko hayo. Nilikwenda na fomu yangu ile ile ya maswali mawili, nyumba kwa nyumba, nikiuliza nani alizaliwa siku ile na wapi. Tope lilikuwa bado kwenye kuta, chini kidogo ya madirisha. Mama Aoko alikuwa amekaa nje akichambua omena, na Adhiambo yuko kitini na mtoto wa kike kifuani. Nilimpongeza, nikampokea mtoto, nikauliza anaitwa nani.

"Achieng," akasema Adhiambo. "Alizaliwa saa sita na nusu. Jua lilikuwa limeingia dirishani mpaka kitandani."

Achieng, wa jua la mchana. Nikamtazama mtoto, na ndipo nilipoelewa ni kwa nini ni lazima niyaandike haya, si kuwaachia kabati tu. Mkija miaka mingi baadaye kutafuta maji yale, picha itawaambia Ondago ilikuwa kavu, na jina la mtoto pekee aliyezaliwa siku hiyo litawaambia jua lilikuwa likiwaka. Vyote viwili ni kweli, na maji yalifika kifuani. Yatieni kwenye ramani.

Mama Aoko alikuwa ananiangalia. "Ni nini? Andika basi," akasema. "Uliza ile maswali yako."

Nikatoa fomu. Nilikuwa nimeichora mwenyewe, na chini ya swali la kwanza niliweka majibu ya kuchagua: kichuguu, mtumbwi, mti, njiani, mahali pengine nje. Kalamu yangu ikatembea juu ya majibu yote haikupata pa kutua.

"Mtoto alizaliwa wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

Mama Aoko alijifuta mikono kwenye leso yake, akamchukua mjukuu wake kutoka kwangu.

"Ndani," akasema. "Andika hapo. Ndani."